Kulipokucha Ilikuwa Siku Gani?

Siku mliponiaga nikistaafu mlinipa saa ya ukutani, keki iliyokosewa herufi moja katika jina langu, na agizo: "Mama Wakesho, tuandikie ya kazini." Saa nimeitundika. Keki tuliila pamoja na kosa lake, huku nikiwaza kwamba miaka yote hii nimewafundisha kukagua kinachoingia kabla hakijapita, na hamkukagua hata krimu. Agizo ndilo hili natimiza sasa, nimekaa kibarazani kwangu Tudor, miguu juu ya kigoda, kama walivyoniamuru madaktari walewale niliokuwa nikiwasumbua.

Vyeo sitaviandika kwa kuwa vilikuwa vichache. Mshahara mnaujua, maana ni huohuo wenu. Nitawaandikia juu ya watu wawili walionifunza kazi, na juu ya Ijumaa moja.

Nilishuka Mombasa kutoka Wundanyi nimevaa sweta. Kwetu asubuhi ni baridi, na hakuna aliyenionya. Nilifika hospitalini nimelowa jasho, nikakabidhiwa dirisha la kumbukumbu: droo za mbao zilizojaa kadi, kalamu iliyofungwa kamba isiibwe, na foleni ndefu. Wa kwanza kunijia alikuwa mama aliyembeba mtoto mchanga ndani ya leso. Nikamrushia maswali bila kuinua uso. Jina? Alizaliwa lini? Unakaa wapi?

Nyuma yangu sauti ikasema, "Kwani huyu mwizi, mwanangu?"

Ndivyo nilivyokutana na Bi Rukia, muuguzi mkuu wa wodi ya watoto wachanga, mzaliwa wa Kibokoni, mwanamke mfupi ambaye hukumsikia akija hata siku moja. Alinisogeza kando kwa kiwiko, akainama dirishani. "Waambaje, mama? Pole na uchovu. Mtoto yu hali gani?" Yule mama akashusha mabega. Akaeleza yote, hata ambayo hayakuwa na nafasi kwenye kadi. Alipokwenda, Bi Rukia akanigeukia.

"Mtu huyu hakulala. Msalimie kwanda, kisha umuulize. Ukimuuliza kwa ukali atakupa jibu la kukuondoa mbele yake, basi. Hatakupa la kweli."

Nilimwona ni mwanamke anayejipendekeza kwa watu. Nilikuwa mdogo, na nilikuwa na joto.

Kompyuta zilikuja baadaye, na pamoja nazo akaja Otieno, mwanatakwimu kutoka Kisumu, mrefu, mwenye mashati ya mikono mifupi na subira ndefu. Aliishi Likoni, kwa hiyo kila siku alivuka Feri, na kila siku feri ndiyo iliyomchelewesha, hata siku ambazo wenzake waliovuka naye walishafika zamani. Alipewa chumba kisicho na dirisha na msaidizi mmoja, ambaye nilikuwa mimi. Akaniambia tutatumia lugha ya programu iitwayo R. Nikangoja herufi zilizobaki, nikaona amenyamaza.

Otieno hakunifundisha R kwa kitabu. Alinifundisha kwa kunitisha. Siku ya kwanza alinifanya niandike tisa ndani ya alama za kunukuu, kisha niiulize mashine kama ni kubwa kuliko kumi: "9" > 10. Mashine ikajibu TRUE, ni kweli.

"Imeharibika," nikasema.

"Haijaharibika. Umeipa neno badala ya namba, basi imeligeuza na hilo kumi kuwa neno, ikayapanga kama kamusi inavyopanga, kwa alama ya kwanza, na 9 huja baada ya 1. Na sikiza, Wakesho, imekuonya?"

"Hapana."

"Imekohoa hata kidogo?"

"Hata kidogo."

"Basi hiyo ndiyo kazi yetu. Tukohoe sisi."

Nyinyi mlioanza na mambo mapya mnaweza kucheka, lakini nawaomba muijaribu hata leo. Jibu ni lilelile.

Alinieleza fanksheni ni nini, yaani kile kipande cha programu unachokipa vitu, kikafanya kazi moja, kikakurudishia jibu. Kisha akanieleza kwamba mistari yake ya kwanza isifanye hesabu yoyote. Iwe ya kukagua tu: hiki ni namba? Ni kimoja, au wameniletea orodha? Kipo, au ni pengo? Alitumia stopifnot, is.numeric, is.na, zile zile mnazotumia. Nilipomuuliza kwa nini tusikague katikati, pale tunapokihitaji kitu chenyewe, alinijibu kwa mfano wa Feri. Gari bovu hukataliwa getini. Likishapanda na feri ikaanza kuvuka, kila mtu ana shida, hata asiye na gari.

Kwa miaka miwili mitatu tuliandika vitu vidogo. Halafu wodi ya watoto wachanga ikatuomba kitu kikubwa.

Mnajua watoto wengi wachanga hugeuka manjano. Mara nyingi hupita hivihivi. Mara nyingine bilirubini, ile rangi iliyo kwenye damu, hupanda mpaka ikatishia ubongo, na mtoto huwekwa chini ya taa ya buluu. Ikizidi sana, damu yake hubadilishwa, hutolewa kidogo kidogo kupitia kitovu na kutiwa nyingine, jambo ambalo hakuna daktari anayelifanya kwa furaha. Kipimo kilekile cha damu kinaweza kuwa cha kawaida au cha hatari, kutegemea mtoto ana saa ngapi duniani. Aliyezaliwa juzi anavumilia kiwango ambacho aliyezaliwa sasa hivi hakivumilii. Kwa hiyo tuliandika fanksheni, tukaiita manjano, na Otieno akaiwekea ukurasa mdogo wa kujaza pale mezani pa karani: kipimo cha damu, siku ya kuzaliwa, saa ya kuzaliwa. Inarudisha neno moja kati ya matatu: ngoja, taa, au damu.

Saa tuliifikiria vizuri, tukajipongeza. Tulijua mzazi wa hapa atasema saa tatu, na mashine itadhani ni saa tisa za usiku wa manane. Kwa hiyo tukakataa saa tupu. Lazima useme alfajiri, asubuhi, mchana, jioni au usiku, nayo match.arg inahakikisha umechagua moja kati ya hayo. Na mwisho kabisa Otieno akaweka mstari wa kulinda milango yote: umri wa mtoto usiwe chini ya sifuri. Hakuna mtoto aliyeletwa hospitalini kabla hajazaliwa, alisema, ingawa kwa foleni zetu angalau angepata nafasi ya mbele.

Sasa ile Ijumaa.

Mezani pa wodi alikaa karani aitwaye Mutua, mtu wa Machakos, mchapakazi, asiyekosa kazini. Kabla ya adhuhuri nilikutana naye ukumbini anakwenda kununua viazi karai. Akanitania, "Dada Wakesho, ile mashine yenu ilinikatalia leo. Nikaibembeleza mpaka ikakubali."

"Umeibembelezaje?"

"Ah, kitu kidogo. Bibi mmoja aliniambia mjukuu wake alizaliwa usiku wa Ijumaa, saa tatu. Nikajaza hivyo. Ikaniandikia Kizungu chake, umri is not TRUE. Nilidhani inanitukana. Nikaona huyu bibi kachoka, amesema usiku akitaka kusema asubuhi. Nikaweka asubuhi, ikapita."

"Ikajibu nini?"

"Damu."

Sikumbuki kama nilimuaga. Nakumbuka ngazi, na kwamba nilizipanda nikishika gauni kwa mkono mmoja kama msichana.

Wodini mama wa mtoto alikuwa amekaa kitandani analia bila sauti. Mtoto alikuwa manjano kweli, mpaka kwenye macho, au mato, kama ambavyo Bi Rukia angesema. Daktari wa zamu, kijana mpole, alikuwa ameshaagiza damu na alikuwa akinawa mikono. Kwa mujibu wa karatasi yake mtoto huyu alikuwa na saa chache tu tangu azaliwe, na kwa saa hizo kipimo kilikuwa cha kutisha. Yeye alifanya alichopaswa kufanya.

Nikamwendea bibi wa mtoto, Bi Khadija, aliyekuwa amesimama na kanzu ya mjukuu mkononi. "Shikamoo, bibi. Mtoto alizaliwa lini?"

"Marahaba. Nishasema, mwanangu. Usiku wa Ijumaa, saa tatu."

"Lakini leo ndiyo Ijumaa, bibi. Usiku wake haujafika."

Akanitazama kwa huruma, jinsi unavyomtazama mtu aliyeamka vibaya. "Ushafika, ukapita."

Bi Rukia alikuwa upande wa pili na mapacha wa mtu mwingine. Akamkabidhi muuguzi mwenzake pacha mmoja, akamkabidhi na wa pili, akaja.

"Wakesho," akanambia, "kwetu jua likizama, siku ishageuka. Usiku ndio watangulia, mchana wafuata. Usiku wa Ijumaa ni huu uliopita jana." Kisha akamgeukia Bi Khadija, akamshika mkono, na kwa sauti ya taratibu, kana kwamba hakuna damu inayokuja kwenye sanduku la barafu, akamuuliza: "Bi Khadija, pole na usiku. Nambia. Kulipokucha, ilikuwa siku gani?"

"Ilikuwa leo."

"Alhamdulillahi."

Daktari akaacha maji yakimwagika. Nilirudi mezani kwa Mutua, nikaketi kwenye kiti chake, nikajaza upya. Alhamisi, usiku, saa tatu. Mtoto hakuwa wa asubuhi ile. Alikuwa na usiku mzima duniani na nusu ya mchana. Kipimo kilekile. Jibu: taa.

Daktari alilisoma, akalihakiki kwa jedwali la karatasi lililobandikwa ukutani, akapumua. Walimlaza mtoto chini ya taa ya buluu, wakamfunika macho kwa kitambaa, na mama yake akaambiwa anaweza kumnyonyesha. Akaacha kulia akaanza kulia upya, namna nyingine. Siku zilizofuata manjano yalipungua, kwanza miguu, mwisho uso. Wakamwita Mwanajuma, kwa sababu alizaliwa Ijumaa. Cheti chake kinasema Alhamisi. Vyote viwili ni kweli, na mimi ndiye shahidi.

Jioni tulikaa watatu, Otieno, Bi Rukia na mimi, kwenye benchi la nyuma ya maabara. Nilimtafuta mtu wa kulaumiwa, sikumpata. Mutua alisikia Kiswahili akakielewa kama wanavyokielewa kwao. Bibi alisema kweli. Na ukaguzi wetu ulikataa pale ulipopaswa kukataa.

Nilipendekeza tuitengeneze mashine: ikiona umri umeshuka chini ya sifuri, irudishe siku moja nyuma yenyewe, kimya kimya.

Otieno akatikisa kichwa. "Huko ni kubahatisha. Mtu wa kwetu akikwambia usiku wa Ijumaa, anataka kusema ule wa baada ya Ijumaa. Bi Khadija anataka kusema wa kabla. Wakimleta mtoto wa usiku wa Ijumaa siku ya Jumapili, umri hautakuwa chini ya sifuri, mashine haitakataa, na tutakosea bila kujua. Lazima tuulize kila mara."

"Basi ulizeni," Bi Rukia akasema. "Lakini si kwa lugha hiyo ya kumfungia mtu mlango. Mutua mwamwambia si kweli, si kweli, hamumwambii ni lipi lisilo kweli wala afanyeje. Mtu akifukuzwa mlangoni atazunguka nyuma."

"Bi Rukia, fanksheni haipigi domo. Inakataa, basi."

"Ikatae. Lakini isalimie."

Otieno akainuka akaifuata feri yake. Asubuhi iliyofuata alifika mapema kuliko siku zote, feri ikiwa imepona ghafla, akaenda wodini na kompyuta yake, akaketi kwenye kigoda cha kunyonyeshea, magoti yakimfika kidevuni. "Nipe maneno, Bi Rukia. Mimi ni karani wako leo."

Maneno ya kwanza aliyopewa yalianza na salamu, yakaulizia hali ya nyumbani na watoto, yakaombea dua. Otieno akaandika yote, kisha akasema taratibu, "Bi Rukia, hii ni kompyuta. Hatuendi posa." Wakacheka mpaka mapacha wakaamka. Wakapunguza hapa, wakabishana pale. Mimi nikaongeza kitu kipya cha kujaza, tukakiita kulipokucha: kipindi kikiwa usiku na hicho hakikujazwa, missing inakiona, nayo stop inasimamisha kila kitu na kuandika haya, ambayo mpaka leo nayajua kwa moyo:

Samahani. Mtoto wa usiku tunamuulizia zaidi ili tusimkosee. Usibadilishe ulichoambiwa. Muulize aliyemleta: kulipokucha, ilikuwa siku gani?

Hilo ndilo nililotaka kuwaachia, wanangu. Kagueni mapema, getini. Msikubali neno lililojifanya namba, wala pengo lililojifanya sifuri. Mkiona mwenzenu anafunika maonyo kwa suppressWarnings ili skrini ipendeze, mnyang'anyeni kibodi. Msimrekebishie mtu alichosema bila kumuuliza, maana huenda hakukosea. Na ujumbe wa kukataa uandikeni mkimfikiria aliyechoka, saa ya kula imempita, na nyuma yake kuna foleni. Kitu kinaweza kuwa namba, kikawa kimoja, kikawa kati ya sifuri na ishirini na tatu, kikapita kila ukaguzi wenu, na bado kisiwe alichokusudia aliyekisema. Hapo mashine haina la kufanya ila kumrudisha mtu kwa mtu.

Otieno alistaafu akarudi Kisumu. Hunipigia simu kunisimulia samaki, na mimi humwambia wa huku ni watamu zaidi, basi tunakata simu kwa hasira na furaha. Bi Rukia hakuistarehea pensheni yake kwa muda mrefu. Alifariki alfajiri, na kabla ya alasiri alikuwa ameshazikwa. Nilikaa Kibokoni chumbani na wanawake, nikiwa nimejitanda leso ya kuazima, nikalia kuliko nilivyomlilia mtu yeyote asiye wa damu yangu. Mlango ulipojaa wageni, nikajikuta nawapokea mmoja mmoja, nikiwauliza hali kwanza. Nilimpenda sana yule mwanamke. Sijui kama nilipata kumwambia.

Nimalize na la juzi.

Binti yangu Mghoi alijifungua usiku, kwenye kituo kidogo cha uzazi karibu na kwao. Mtoto wa kike, mjukuu wangu wa kwanza. Siku ya pili nikamfungua macho pale dirishani kwenye mwanga, nikaona manjano. Nimeishi na manjano hayo miaka mingi kwenye skrini, na bado nilihangaika kutafuta leso iliyokuwa begani kwangu. Tukaja kwenu. Hamkuniona kwa sababu sikupita ofisini. Nilikuja kama bibi wa mtoto, na kanzu yake mkononi.

Muuguzi aliyekuwa mezani alikuwa mgeni, msichana asiyenijua. Akachukua kipimo cha damu, akaanza kujaza. "Alizaliwa lini, mama?"

"Usiku wa Jumatano, saa nne," nikasema. Mghoi alikuwa amesinzia begani kwangu.

Akajaza, akabonyeza, akasimama. Nikaona midomo yake ikicheza, anajisomea. Kisha akafanya jambo ambalo skrini haikumwambia: alikigeuza kiti, akanitazama usoni.

"Samahani, mama. Pole na usiku. Mtoto wa usiku tunamuulizia zaidi ili tusimkosee. Kulipokucha, ilikuwa siku gani?"

Nikaanza kuhesabu kwa vidole. Kwa mama yangu kule Wundanyi, mjukuu huyu angekuwa wa usiku wa Jumanne. Mimi nilikuwa nimesema Jumatano. Nilikuwa nimesema kama mtu wa Kibokoni, bila kujua ni lini niliacha kuhesabu vingine, na mashine niliyoiandika mwenyewe ilikuwa imenikatalia, kama ilivyopaswa.

"Jumatano," nikamwambia. "Kulipokucha ilikuwa Jumatano."

"Asante, mama. Mimi kwetu ni Kitui, ningemuandika vibaya." Akajaza, akangoja, uso ukamlegea. "Ni taa tu. Siku moja au mbili, hivi. Usilie, mama, atapona."

"Najua atapona, mwanangu," nikamwambia. "Nimemsikia mtu ninayemjua."